Nyumba Iliyorukwa

Ukitaka kumjua Tukuswiga, usimuulize habari zake. Muulize kwa nini mtandao unakwenda taratibu, kisha tafuta pa kukaa. Atakuchorea milima chini kwa kijiti, atakutajia nyumba tisa moja baada ya nyingine, na ukithubutu kutazama pembeni atakukemea, "Iwe, nisikilize!" Neno hilo, yaani "wewe" kwa Wazambia, alirudi nalo kutoka Tunduma, alikokaa miaka kumi na mmoja akitengeneza simu za Watanzania na Wazambia hatua chache kutoka mpakani. Mimi Yunisi, fundi cherehani, ni rafiki yake tangu tukiwa wasichana, na nasema bila kuficha kwamba kuna siku nilitamani angebaki hukohuko.

Alirudi Ileje baada ya kumzika mumewe, Ipyana. Akakuta simu kwetu bondeni bado ni tochi. Minara ya simu ipo, lakini iko ng'ambo ya milima, na sisi tulio kwenye mikunjo ya bonde tunapata mtandao tukipanda juu ya kichuguu na kuupoteza tukishuka. Tukuswiga hakusubiri mnara. Alisema nyumba zenyewe zitakuwa minara. Kila nyumba ingefunga kisanduku juu ya paa, chenye antena na paneli ndogo ya sola, na kila kisanduku kingepokea mzigo wa jirani na kumsogezea anayefuata, mlima hadi mlima. Safari ingeanzia Itumba kwa mwalimu mstaafu Edson, ambako waya wa intaneti unafika, na kuishia nyumba ya tisa, ya mama yake mzazi Tukuswiga, Mama Anna. Mimi nilikuwa wa nane.

Watu walidhani anawafanyia wao. Ni kweli aliwafanyia, ila kwanza alimfanyia mama yake, na hilo nililijua tangu siku ya kwanza.

Mama Anna ana mtoto kiziwi, Jonasi, mdogo wake Tukuswiga. Hakupelekwa shule, kwa sababu wakati ule hakuna aliyetuambia kwamba mtoto kiziwi anafundishika. Lugha yake aliitunga na mama yake, shambani na jikoni, kwa mikono, nyusi na mabega, mpaka ikawa lugha kamili ya watu wawili. Tukuswiga anaielewa nusu. Mimi naelewa salamu na matusi. Jonasi alivuka mpaka akiwa kijana, na sasa yuko Kitwe, anafanya kazi kwenye karakana ya mbao, na kuja nyumbani ni mara moja katika miaka miwili au mitatu.

Mtu mwingine angempigia mama yake wakasikilizana, basi. Kwa hawa wawili sauti haina kazi, na maandishi hayana kazi, maana hakuna anayesoma. Wanataka picha inayotembea, na itembee vizuri. Picha ikisita, mkono unageuka ukungu, na mkono ukigeuka ukungu neno limepotea. Kila Jumapili baada ya ibada Mama Anna alikaa mbele ya ile simu kubwa aliyonunuliwa na mwanawe, akanyoosha kitambaa kichwani, akazungumza na Jonasi. Miezi ya kwanza nilikuwa nikipita pale nasikia kicheko chake tangu njiani.

Kisha watu tukazoea, na mazoea yakaleta tamaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiangalia mishono kutwa, siwezi kujitoa. Mwalimu Edson akawa haachi mpira. Atupele, binti wa nyumba ya tano, akaanza kusomea kozi ya famasia kwa video. Waliokuwa karibu na Itumba wakawa wanajichotea, sisi wa mwisho tunaachiwa matone. Malalamiko yakaanza, na Tukuswiga akaitisha kikao.

"Kila nyumba itapata kasi sawasawa," alitangaza. "Wa kwanza hatamzidi wa tisa."

Tulipiga makofi. Kikundi chetu kinapenda sana kupiga makofi. Ilionekana ni haki tupu, kama kugawa nyama msibani, kila nyumba fungu lake, hakuna wa kunung'unika. Wiki ile ile mtandao mzima ukaanza kutambaa. Si wa tisa tu, wote. Mwalimu Edson, ambaye kisanduku chake kimekaa juu ya waya wenyewe, akaja kwangu kwa miguu kunilalamikia kana kwamba mimi ndiye fundi.

"Yunisi, waya unapita chini ya kitanda changu na bado naenda mwendo wa kobe. Rafiki yako ametufanyia nini?"

Tukuswiga alijifungia na daftari lake siku sita. Ukimgongea mlango anajibu kwa kuguna. Siku ya saba alikuja kibandani kwangu, akasukuma vitambaa vyangu pembeni bila kuomba ruhusa, akaanza kuchora kwa chaki yangu ya ushonaji kwenye meza yangu ya kukatia.

"Nimekosea," alisema. "Nimegawa kasi. Kasi siyo ya kugawa. Cha kugawa ni muda wa hewani."

Nilimwambia aseme kama anaongea na mtu, siyo kama anaongea na kompyuta.

"Visanduku vyote vinatumia njia moja ya hewani. Kimoja kikisema, vingine vinavyokisikia vinanyamaza. Na huku milimani karibu vyote vinasikiana, hata pale visipoelewana. Sawa? Sasa wewe ukiongea na jirani yako hapa mlangoni, unamaliza kwa pumzi moja. Ukimwita mtu ng'ambo ya bonde, unavuta kila neno, unarudia, unangoja aitike. Maneno yaleyale, muda mara ishirini. Wakati wewe unavuta, wenzako wote wamefunga midomo."

"Na anayevuta ni nani?"

Alifuta chaki kwa kiganja. "Ni wewe na mama. Kutoka paa lako mpaka paa lake ni bonde zima, na katikati kuna ile miti ya milingoti. Mawimbi yanafika yamechoka. Nimempa mama kasi sawa na ya Mwalimu, na ili aipate hiyo kasi anakula dakika saba katika kila kumi. Nyumba nane zinagombania tatu."

Basi haki yetu yote ile, pamoja na makofi, ilikuwa imeziziba koo nyumba nane. Mwalimu Edson alipopata habari hakuzunguka. Kikao kilichofuata alisimama akasema nyumba ya tisa ifungwe, na akaongeza kwa upole ule wa kuudhi wa walimu wastaafu kwamba hamlaumu mtu, ila fundi ana mama yake pale na damu nzito kuliko maji. Nilimwona Tukuswiga akibana meno. Angeweza kumjibu. Badala yake alifungua kompyuta palepale, akabadilisha mgawo mbele ya macho yetu: kila nyumba ipewe muda sawa, na kila mmoja apate kasi anayoweza kuipata ndani ya muda wake. Dakika kumi hazijapita, simu zetu zikawa zinakimbia. Mwalimu akacheka mpaka jino la nyuma. Tukapiga makofi tena.

Mimi pia nilipiga. Hilo sijisamehe.

Jumapili yake nilikuwa kwa Mama Anna. Jonasi alitokea kwenye kioo akiwa vipande vipande, uso upande huu, bega upande ule. Alirusha mkono, ukawa doa la kahawia. Mama akaashiria arudie. Akarudia, doa lilelile. Yule mama alikaa mbele akitabasamu na kuitikia kwa kichwa, kama mgeni anayekubali hadithi asiyoielewa, na mikono yake ikawa inapanda na kushuka, kila mara kwa ufupi zaidi. Baada ya robo saa akaizima mwenyewe. Tukuswiga alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma yake akisoma tarakimu.

"Nusu ya maneno hayafiki," alisema.

"Naona," nilimjibu. "Sina haja ya tarakimu."

Alizunguka nyumba zote akiwaomba wazime kwa saa moja tu, Jumapili alasiri. Wote waliahidi, wakamwekea na chai. Hakuna aliyetimiza. Jumapili alasiri ndiyo saa ambayo kila mtu yuko nyumbani na simu mkononi. Mmoja alisahau, mwingine alikuwa na wageni, Mwalimu alikuwa na mpira. Akajaribu kumwongezea mama muda kidogo, kwa siri, na kabla ya siku mbili wakamgundua, ikawa kesi. Akapunguza. Akaongeza usiku na kupunguza mchana, kana kwamba Jonasi wa Kitwe angeacha usingizi wake. Wiki tano alikuwa akisogeza dakika huku na huko kama mtu anayejifunika blanketi fupi, akivuta kichwani miguu inabaki nje. Akakonda. Akawa hatanii. Mimi nikachoka naye, na kuchoka na rafiki kuna uchungu wake.

Siku moja alikuwa kwangu tena, amechora tena milima kwenye meza yangu, na mimi nilikuwa na sare za kwaya kumi na nne za kumaliza. Nikaitazama ile michoro kwa hasira tu, si kwa akili. Ndipo nikaona.

"Tukuswiga. Mstari unatoka kwangu unaruka moja kwa moja mpaka kwa mama. Hapa katikati, juu ya kilima, hakuna nyumba?"

"Kila kituo unachoongeza kinakula muda," alisema haraka. "Mzigo uleule unasemwa mara mbili badala ya mara moja. Unaongeza kelele."

"Piga hesabu."

"Nimekwambia inaongeza—"

"Piga hesabu mbele yangu. Hapa. Chaki hiyo."

Alipiga. Mruko mmoja mrefu ulikuwa ukibeba megabiti moja, siku ya mvua hata hiyo haifiki. Miruko miwili mifupi, yenye kuonana wazi, ingebeba ishirini kila mmoja, na hata ukigawa kwa mbili kwa ajili ya kurudiarudia, zinabaki kumi. Kumi badala ya moja. Mama yake angeacha kula hewa ya wenzake, na wenzake wangeacha kumnyima yeye. Hakukuwa na haja ya kugawana kwa ugomvi hata siku moja.

Nilirusha mkasi. Haukumpata mtu, lakini niliurusha. "Ulijua!"

"Nilijua."

"Mwaka mzima ulijua! Unatugombanisha, unajikondesha, mama yako anatikisa kichwa kwa madoa, na nyumba ipo!"

"Nyumba ni ya nani, Yunisi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Hapo nikaelewa. Nyumba ile ni ya Mzee Efraimu, baba yake marehemu Ipyana, baba mkwe wake.

Kwetu milimani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hapishani naye njiani, hakanyagi uani kwake, hata jina lake halitamki. Wengi wa rika letu wameiacha desturi hiyo. Mimi nakula meza moja na baba mkwe wangu na tunabishana siasa. Lakini Tukuswiga, aliyekuwa akigombana na madereva wa malori pale mpakani bila kupepesa, aliishika kama alivyofundishwa. Mume alipokuwa hai, yeye ndiye alikuwa akipeleka neno huku na kuleta neno kule. Mama mkwe alishatangulia zamani. Ipyana alipokufa, hakukuwa na wa kupeleka tena. Kwenye ramani ya kompyuta yake kila nyumba imeandikwa jina la mwenyewe. Juu ya kile kilima alikuwa ameacha peupe.

Sikumwuliza zaidi. Niliacha sare za watu nikapanda kilima, nimejaa hasira na sijui ninamkasirikia nani.

Mzee Efraimu alikuwa akipukuchua mahindi mlangoni. Nilimwamkia, nikakaa, nikaeleza mambo ya visanduku kwa namna nilivyoweza, nadhani vibaya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekuwa nikiviona vinapita juu ya kichwa changu mwaka mzima. Kwa fulani kipo, kwa fulani kipo, kwangu hakipo. Nikasema, mkamwana ananihesabia kifo cha mume wake."

"Hapana, baba. Anakuheshimu."

"Heshima gani hiyo isiyotofautiana na chuki?" Alitupa gunzi kwenye rundo. "Hicho kidude kinataka nini kwangu?"

"Paa tu."

"Paa ninalo. Mwambie Alhamisi. Nitatoka mapema, nitarudi jua likizama. Asiwe na haraka, afanye kazi vizuri."

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi, na mzee wa miaka sabini na kitu alitoka na mwavuli wake akaenda kukaa Itumba kutwa nzima, barazani kwa watu, ili mkamwana wake akanyage uani kwake. Tulikuta ua umefagiliwa. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani tayari, na mlangoni palikuwa na sufuria ya maharage imefunikwa na sahani mbili juu. Tukuswiga alisimama kwenye mpaka wa ua muda mrefu mvua ikimnyeshea, mpaka nikamsukuma. Alifunga kile kisanduku akilia wazi, bila kujificha, akigeuza antena kidogokidogo na kunifokea nisiitikise ngazi. Alipomaliza alifungua kompyuta akakwama. Pale penye jina. Nikamsogeza, nikaandika mimi, herufi kwa herufi: Efraimu.

Kasi ikapanda kila nyumba. Mwalimu Edson alinipigia kuniambia kwamba siku zote yeye alisema tatizo si mama wa watu. Nilikata simu.

Jumapili tulikuwa watatu chumbani kwa Mama Anna, yeye mbele, sisi nyuma. Tukuswiga alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu amzike mumewe. Alikuwa akinionyesha tarakimu, nami nikamwambia aache tarakimu atazame picha. Picha ilikuwa safi. Ungeweza kuhesabu vifungo vya shati la Jonasi. Ungeweza kuona vumbi la mbao kwenye nyusi zake.

Mama Anna akacheka, akaanza kusema kwa mikono yote miwili, harakaharaka, kama maji yaliyofunguliwa. Jonasi akajibu kwa mkono wa kushoto. Mama akauliza kitu. Akajibu tena kwa kushoto, na akajisogeza nyuma, mbali na simu. Tabasamu la mama likapungua. Akanyoosha kidole kwenye kioo, akaonyesha bega la kulia la mwanawe, akashuka mpaka pale mkono ulipozama chini ya meza. Jonasi akatikisa kichwa. Mama hakushusha kidole. Alikaa hivyo, kidole mbele, sijui dakika ngapi, na ile picha haikusita hata mara moja.

Jonasi akainua mkono. Kidole cha shahada na cha kati havikuwepo. Kidonda kilishapona, ngozi imeshafunga, nyekundu na laini. Lilikuwa jeraha la wiki nyingi nyuma.

Nilihisi Tukuswiga akinishika mkono. Wiki zote zile tuliposema maneno hayafiki, tukaulaumu umbali, milingoti, mvua, Mwalimu na mpira wake, Jonasi alikuwa akisema kwa mkono usioweza tena kuyasema, akijificha ndani ya ule ukungu. "Alikuwa anashukuru," Tukuswiga alisema kwa sauti iliyokauka. "Mimi nakesha kwa ajili yake, na yeye anamshukuru Mungu kwamba mtandao ni mbovu." Akaifunga kompyuta. Nilimkasirikia Jonasi, nikaikasirikia ile karakana, nikajikasirikia mimi na mishono yangu, na hasira zote hizo hazikuwa na mahali pa kwenda.

Mama Anna hakulia. Alimtazama mwanawe kwa muda. Halafu akakunja vidole viwili vya mkono wake wa kulia, cha shahada na cha kati, akavibana kwa dole gumba visifunguke, akaunyanyua mkono ule mbele ya simu, na akaanza kumfundisha upya neno la kwanza.